Samli kwenye Kaplingi

Mimi kitu kilichofungwa siwezi kukiacha kimefungwa. Nikiwa mdogo nilimpasua kuku aliyechinjiwa wageni kabla hajafika jikoni, nipate kuona yai linakaa wapi, na nilichapwa, na bado sikukoma. Jeshini redio ya mkubwa wetu ilinyamaza, nikaifungua bila ruhusa, ikaimba. Wangeweza kunifunga. Badala yake wakanipa spana.

Kwa hiyo miaka ya hamsini, vita vimekwisha na mimi nimerudi kwetu Busawe, niliandikwa kazi ya kuendesha na kutengeneza katapila lililokuwa likichimba malambo ya ng'ombe. Lilikuwa kuukuu. Lilitembea kwa minyororo, na mbele lilikuwa na ndoo kubwa ya chuma yenye meno, ya kuchotea udongo. Rangi ilikwisha kubanduka na kiti kilibaki chuma kitupu, nikakitandikia gunia. Lakini nikiliwasha asubuhi, ng'ombe wa kilima cha pili waliinua vichwa.

Msimu ninaousimulia tulikuwa Nyanungu, tukijenga ukuta wa udongo kukinga kijito, ili mvua zikinyesha maji yakae. Bonde lile lilikuwa la mzee mmoja, mtu mrefu, mkavu, masikio yake yametobolewa yakaning'inia kwa desturi ya zamani. Alilitoa bonde lake liwe lambo la wote. Ndugu zake wawili waliolima chini ya pale hawakutaka. Walisema ukuta wa udongo mpya ukipasuka utasomba mihogo yao na watoto wao. Walibishana msimu mzima, hata mmoja wao, kaka yake mkubwa, akasema mbele ya ukoo: "Haya, jenga. Maji yakikaa tutanyweshea kwako na kukushukuru. Ukuta ukikushinda, usikalie tena kiti chako kwenye kikao chetu."

Neno hilo kwa watu wa kule si dogo. Mtu asiye na kiti kwenye kikao cha ukoo hana wa kumsimamia kuoza binti, wala wa kumzika. Mzee alinieleza hayo mwenyewe siku ya kwanza, amechuchumaa kando ya minyororo, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda mnadani. Mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi, mvua bado mbali na mashine ni nzima. Mdomo wangu huo.

Aliandikwa kuwa mlinzi wa mashine. Nilimwita Tata, yaani baba, kama tunavyowaita watu wa rika la baba zetu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaligeukia katapila akaligonga ubavuni kwa kiganja, kama mtu anavyomgonga fahali aliyelala vizuri. Alikuwa mdadisi kuliko mimi, na hilo si jambo rahisi. Moshi kwa nini mweusi asubuhi na mchana mweupe? Mafuta yakiisha, injini inahisi njaa kwanza au inakufa tu? Vijana wa vibarua walimcheka. Mimi nilimjibu yote, na niliposhindwa nilibuni.

Siku moja, robo tatu ya ukuta imesimama, nikaingiza gia kwenda mbele. Injini ikanguruma vizuri kabisa, lakini minyororo haikusogea hata inchi. Vibarua wakashangaa. Tata akasogea, akasikiliza, akasema, "Moyo unapiga, miguu haina habari. Kitu cha katikati kimekatika."

Alikuwa amepata. Injini ina mkono wa chuma wenye vidole vitatu, na giaboksi nayo ina mkono wa namna hiyo. Mikono hiyo haigusani. Katikati yake kuna duara la mpira mnene, pana kama sahani, lenye matundu sita ya boliti: vidole vitatu vya huku, vitatu vya kule. Hiyo ndiyo kaplingi. Mpira ule ndio unaopokea kishindo, injini ikivuta na udongo ukikataa. Wetu ulikuwa mzee, umekauka kwa miaka, ukachanika kutoka tundu hadi tundu.

Nikaandika barua Musoma. Siku kumi na moja tulikaa tukitazamana na pengo lililobaki katikati ya ukuta, pale kijito kilipopita. Tata alikuwa akilipima kwa hatua asubuhi na jioni, utadhani litapungua lenyewe. Hatimaye basi likaleta sanduku, na ndani mlikuwa na maduara mawili mapya, na karatasi kwamba hayo ndiyo yaliyopo, mengine hakuna mpaka meli ije.

Kubadilisha kaplingi hakuhitaji nguvu sana, kunahitaji adabu. Tulishusha ndoo ikakaa juu ya magogo, tukafungua bamba la chuma la tumboni, na debe zima la matope makavu likanimwagikia usoni. Boliti sita, mbili kati yake zimeoana na nati zake zikagoma kuachana, nikazilowesha mafuta ya taa kutwa nzima. Kisha unasogeza mkono wa giaboksi nyuma kwa mtaimbo, polepole, unatoa mpira mbovu, unaingiza mzima, na hapo ndipo ufundi ulipo: mikono miwili lazima itazamane sawasawa. Sikuwa na kipimo. Nilitumia njiti ya kiberiti, nikaipitisha kwenye nafasi pande zote, isibane mahali na kulegea mahali.

Tata ndiye aliyenishikia duara jipya. Alilikunja, halikukunjika. Akalinusa, akalikwaruza kwa ukucha.

"Hii ngozi ni ya mnyama gani?"

Nilikuwa chali chini ya chuma, matope machoni, mtaimbo mkononi. Nikasema, "Ya mnyama wa Ulaya, Tata. Mkubwa kuliko kiboko. Haliwi."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikacheka peke yangu kule chini. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mimi methali hiyo nilikuwa naijua tangu shule.

Tukafanya kazi siku nne. Ya tano, mlio ukabadilika, pu-pu-pu, kisha minyororo ikasimama. Nilipofungua nilipigwa na butwaa. Mpira mpya, wa siku tano, ulikuwa umevimba kama mkate uliolowa, laini, umeraruka kwenye matundu yote sita. Mkononi uliteleza. Nikaunusa: harufu ya ukali hivi, nikadhani ni oili ya giaboksi. Lakini sili, ile pete inayozuia oili isivuje, ilikuwa kavu. Niliifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikatoka cheupe. Nikapima mikono kwa njiti upya, ikatazamana kama maharusi. Basi nini? Sikula mchana ule. Jambo nisilolielewa hunikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Na nikikosa jibu mimi hukasirika, na nikikasirika husema. Asubuhi yake, vibarua wote wamesimama, nikakirusha kile kipande chini, nikasema, "Mashine haijafanya hivi. Mtu amefanya. Kuna mtu anaitia dawa. Na ni nani asiyetaka ukuta huu umalizike?"

Sikutaja jina. Lakini kila mtu aligeuza uso kutazama chini ya bonde, kwenye miji ya wale ndugu wawili.

Tata sijapata kumwona vile. Akavua blanketi lake, akaliweka chini, akaelekea bondeni, akanyosha mkono wa kulia mbele yake na kusema kwa Kikurya, kwa sauti ambayo haikuwa ya kupiga kelele: "Mkono ulioharibu kitu hiki, ukauke. Ukauke ukiwa umeshikamana na mwenyewe."

Vibarua walirudi nyuma. Mimi, msomi wa misheni, niliona ni maneno tu, na moyoni nilifurahi kwamba mtu amekasirika pamoja nami. Jioni habari ilikuwa imefika chini. Kesho yake wale ndugu walipitisha ng'ombe wao njia ya mbali ili wasikutane naye. Mzee alikuwa ameanza kukipoteza kile kiti kabla hata mvua haijaja kumhukumu.

Nikafunga duara la pili, la mwisho. Bamba la tumboni nililiacha wazi, niwe naliangalia duara kila jioni. Halikuwa na kitu siku ya kwanza. Siku ya tatu nikaona linang'aa. Siku ya nne nilipolibonyeza, kidole kikaacha alama. Jamani! Nilikaribia kulia.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Sisi tuliokuwa Wakristo tukaenda kanisani, Tata akabaki na mashine, maana yeye mambo hayo alituachia wenyewe. Mhubiri alikuwa akieleza habari za Yona tumboni mwa samaki, na mimi nikawaza tumbo la katapila. Nani anaingia? Saa ngapi? Nikatoka kabla ya sadaka, nikarudi kwa njia ya nyuma ya kichuguu, nikinyata kama mwizi wa ng'ombe.

Kwanza niliona kandambili za ngozi ya ng'ombe, zimepangwa vizuri kando ya mnyororo. Kisha miguu miwili mikavu, imetokeza chini ya tumbo la mashine. Kisha nikasikia sauti, ikibembeleza kwa Kikurya, sauti anayotumia mtu kumtuliza mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza: taratibu, mama, taratibu, utazoea.

"Tata! Unafanya nini humo?"

Akatoka taratibu, hana wasiwasi wowote. Mkono wa kushoto alishika kibuyu kidogo. Wa kulia uling'aa mpaka kwenye kiwiko.

"Nailainisha," akasema. "Ngozi mpya usipoipaka samli mwezi wa kwanza, hupasuka. Naipaka kila alfajiri kabla hujaamka, bamba likifungwa napitisha mkono pembeni, na leo kwa kuwa hampo nairudia. Sikutaka kukusumbua, nyinyi vijana mna haraka."

Ilikuwa samli! Ile harufu ya ukali niliyoinusa nikaisingizia oili, mimi mtoto niliyelelewa kwa samli! Nilichemka. Nilimpigia kelele mtu wa rika la baba yangu, Mungu anisamehe: "Si ngozi! Ni mpira! Nani alikwambia ni ngozi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe," akasema.

Nikakaa chini kwenye udongo. Kile kicheko nilichocheka peke yangu chini ya chuma, nilikisikia tena, na safari hii hakikuchekesha.

Nikamweleza taratibu. Mpira ni utomvu wa mti unaopikwa, na mafuta huuvimbisha ukaoza. Hakuamini. Alidhani namtania tena, na nani angemlaumu? "Maziwa ya mti yawe ngozi, na samli, ambayo hurefusha maisha ya kila kitu, yaue?" Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende mpaka leo. "Tusibishane. Tuulize kitu chenyewe."

Lile duara la kwanza kabisa, kuukuu, kavu, bado lilikuwepo. Nilikata vipande viwili sawa, ukubwa wa kiberiti. Yeye akachukua ubao, akachonga kwa kisu kijishimo ambacho kila kipande kiliingia na kutoka bila kubana. Kisha kipande kimoja tukakitia kwenye kopo la maji, cha pili kwenye kopo la samli. Akafikiri kidogo, akaongeza kopo la tatu, samli na kipande cha ugwe wa ngozi ya ng'ombe, "ili samli nayo ipate shahidi wake." Tukayaweka karibu na jiko, yapate joto kama la injini. Duara lililokuwa kwenye mashine nililitoa, nikaliosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, nikalipaka majivu, nikalitundika kivulini. Siku nne hatukuchota hata ndoo moja, na mawingu yalianza kukaa upande wa ziwa kila alasiri. Sikumbuki kuwahi kuwa na hamu ya kuona kitu namna ile. Tulikuwa tukienda kuchungulia makopo kwa zamu, kisha wote wawili, kisha kwa zamu.

Siku ya nne Tata akayafungua mwenyewe. Ugwe wa ngozi ulitoka laini, mzuri, unakunjika kama kitambaa. Kipande cha maji kikaingia kwenye kijishimo chake bila shida. Kipande cha samli kikakataa. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikakataa, akakikwaruza kwa ukucha na kikamomonyoka.

"Loo," akasema kwa sauti ya chini. "Kweli mti huu." Na kwa kitambo kidogo alikuwa na furaha ya mtu aliyejua jambo jipya. Nilimwona. Mimi pia nilikuwa nikicheka.

Kisha akautazama mkono wake wa kulia.

Sikuelewa mara moja. Nilielewa jioni, nilipoona ameufunga kwa kitambaa na anakula kwa mkono wa kushoto, kitu ambacho mzee wa Kikurya hafanyi. Asubuhi nilipomwamkia hakunipa mkono. Nikamwambia, "Tata, yale yalikuwa maneno tu, tena hukujua." Akasema, "Sikusema aliyejua. Nilisema mkono ulioharibu." Nikasema Mungu haangalii mambo hayo. Akanijibu bila hasira, "Wewe una spana. Mimi nina neno langu. Nikilisema leo kwamba halikuwa kitu, kesho nitasema nini kwenye kikao?"

Laana yake angeweza kuitengua yeye aliyeitamka, lakini kwanza lazima ioshwe kwa yule iliyempata, na waoshaji ni watu wa damu yake. Watu hao walikuwa wawili tu, wale wale aliowanyoshea mkono. Ilimbidi ashuke bondeni na kusema: si ninyi, ni mimi, na niliwadhania. Ama hivyo, au akae juu na lambo lake na mkono uliofungwa.

Ukuta ulifungwa. Nalisema sasa, msije mkaningoja hapo. Lile duara lililooshwa lilishika, kwa ndoo nusu nusu na gia ya chini kabisa, na pengo tuliliziba mvua ikiwa tayari inanukia. Lakini siku ile hakuna aliyejua hayo, na mzee alishuka akiongoza mbuzi kwa mkono wa kushoto, peke yake. Nilijitolea kumsindikiza. Akakataa kwa kichwa.

Walikuja asubuhi ya pili, ndugu wote watatu, wakipanda kilima bila kuzungumza. Hawakwenda nyumbani kwake. Walikuja pale mashine ilipo, kwa kuwa hapo ndipo neno lilipotamkwa, na wakamchinja mbuzi kando ya mnyororo. Kaka mkubwa alikuwa mfupi, mnene, na jicho moja lina mtoto. Akatoa majani mabichi ya tumboni mwa mbuzi, akamfungua mdogo wake kile kitambaa, akaupaka mkono wote, hadi pale samli ilipokuwa ikifika. Mzee alilitamka neno lake tena, kwa kulirudisha. Kisha wakamwagia maji, na kila mmoja akampulizia pombe kidogo kiganjani. Nilitazama kila hatua kwa macho ya fundi, siwezi kusema uongo, nikitaka kujua kipi kinafuata kipi na kwa nini. Nilikuwa nimesimama nyuma kidogo, nafuta boliti ambayo ilikwisha kuwa safi.

Kaka mkubwa akaweka kibuyu chini. "Limebaki moja," akasema. "Siku ile, kabla hujanyosha mkono, kuna aliyetutaja kwanza. Ni nani?"

Tata hakugeuka nyuma. "Ni mimi," akasema. "Mimi niliwataja."

Mkono wake bado ulikuwa unachuruzika maji. Alikuwa ametoka tu kusafishwa, na uongo wa kwanza alioutia mkononi mle ulikuwa kwa ajili yangu. Nilijua kwa nini. Fundi wa kuja anayechonganisha ndugu hufukuzwa, na fundi akifukuzwa mashine inalala, na ukuta ule haukuwa umefungwa. Nami nilijua kwamba nikinyamaza itapita. Niliogopa, nasema wazi, kuliko nilivyoogopa vitani.

"Mzee anawadanganya," nikasema. "Ni mimi. Na habari ya ngozi pia ni mimi niliyemdanganya."

Kaka mkubwa akanielekezea lile jicho lake zima. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

"Tunajua," akasema. "Vibarua wako wana midomo. Tulikuwa tunakungoja. Weka hiyo boliti chini, mwanangu, ulete mikono."